Maswali ya wasomaji: Wa 19 kwenye foleni, wa 3 jukwaani

Barua nyingi za safari hii zinahusu mbio moja: Grand Prix ya Uingereza iliyofanyika Silverstone tarehe 6 Julai 2025. Mjerumani Nico Hülkenberg aliianza akiwa wa 19 na gari la Sauber, akamaliza wa 3 nyuma ya Lando Norris na Oscar Piastri wa McLaren. Zilikuwa mbio zake za 239 katika langalanga ya daraja la kwanza (Formula 1), na siku yake ya kwanza kupanda jukwaa la washindi. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha.

Mvua ilinyesha, wenzake wakateleza na kugongana, yeye akapita. Si ameokota dodo chini ya mnazi huyu? — Msomaji, Tanga

Dodo lilikuwepo, hatukatai. Lakini walikuwa wengi chini ya mnazi huo siku ile, na wengi wao waliondoka mikono mitupu.

Tuanze kabla hata ya taa za kuanzia mbio kuzimwa. Lami ya Silverstone ilikuwa imelowa sehemu na kukauka sehemu. Madereva kadhaa, wakiwemo George Russell na Charles Leclerc, waliingia piti, yaani kwa mafundi wao kando ya njia, mwishoni mwa mzunguko wa kupasha gari moto wakavaa matairi ya jua, yale yasiyo na mfereji hata mmoja. Walibashiri kwamba njia itakauka upesi. Mwenzake Hülkenberg, Gabriel Bortoleto, alikuwa na matairi hayohayo, akateleza na mbio zake zikaishia pale mwanzoni kabisa. Hülkenberg alibaki na matairi ya kati, yale ya mvua isiyo kubwa, yenye mifereji na alama ya kijani. Uamuzi huo peke yake ulimsogeza mbele bila kumpita mtu kwa ubavu.

Uamuzi wa pili ndio uliozaa zao. Mwishoni mwa mzunguko wa 9, Sauber walimwita abadilishe matairi ya kati yaliyochakaa kwa matairi ya kati mapya. Wingu zito lilikuwa linakaribia. Waliobaki nje walipokewa na mvua kubwa wakiwa na mifereji iliyolika, gari likaogelea badala ya kushika njia, na wakalazimika kuja piti wakiwa wameshapoteza muda. Yeye alikuwa na mpira mpya na mifereji mirefu. Halafu likatoka gari la usalama, lile linaloongoza wote taratibu pakiwa na hatari, foleni ikabanwa, na mwanya uliomtenga na walio mbele ukafutika.

Baada ya Max Verstappen kuteleza na gari lake kuzunguka mbio zilipokuwa zinafunguliwa tena, Hülkenberg alijikuta wa 4, mbele yake yupo Lance Stroll wa Aston Martin. Hapo sasa bahati ilikwisha, ikabaki kazi. Njia ilikuwa inakauka, na mstari mkavu ulikuwa mwembamba. Ukitaka kumpita mtu lazima utoke kwenye ukavu uingie kwenye maji na breki umeshaikanyaga. Alimpita Stroll, akaweka pengo, na Lewis Hamilton aliyekuja kwa kasi na Ferrari hakuweza kulimaliza. Kwenye mstari wa mwisho Hamilton alikuwa sekunde 5 na ushei nyuma yake.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa kuvaa matairi ya jua mwishoni. Hamilton aliingia mzunguko mmoja kabla yake. Ulikuwa mapema mno kwa mzunguko huohuo mmoja: lami bado ilikuwa na unyevu, akahangaika nao. Hülkenberg aliingia wa 42. Kwa hiyo matairi aliyovaa mzunguko wa 9 aliyatumia kwa mizunguko 33, baadhi ya hiyo ikiwa ya polepole nyuma ya gari la usalama.

Ukihesabu vizuri, nafasi ile ilichumwa katika mizunguko miwili, wa 9 na wa 42. Iliyobaki ilikuwa kutoanguka.

Mhandisi anajuaje kwamba sasa ni saa ya kubadilisha tairi? Naona kama wanabahatisha. — Msomaji, Nakuru

Wanabahatisha kidogo, ila kwa hesabu. Chukua Silverstone. Mzunguko wake ni kilomita 5.891, na mbio ni mizunguko 52. Lami ikiwa kavu, mzunguko wa mbio ni kama sekunde 90. Kanuni ya kidole gumba inayotumika piti ni asilimia: muda wa mzunguko kwa matairi ya kati ukishuka hadi karibu asilimia 112 ya muda wa jua, matairi ya jua yanaanza kulipa. Asilimia 112 ya 90 ni kama sekunde 101. Upande wa pili, mvua ikizidi na muda ukapanda hadi karibu asilimia 118, yaani sekunde 106 hivi, matairi ya mvua kubwa yenye alama ya buluu ndiyo yangefaa. Kwa vitendo hayavaliwi sana, maana maji yakifika kiasi hicho vumbi la maji huziba macho ya madereva na gari la usalama hutolewa, au mbio husimamishwa.

Tofauti ya matairi hayo ni kazi ya kutoa maji. Kwa takwimu za Pirelli, watengenezaji wa matairi hayo, tairi moja la kati kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa hutoa lita kama 30 za maji kila sekunde. La mvua kubwa hutoa lita kama 85. La jua halitoi kitu. Likikutana na utando wa maji, gari linapanda juu yake na usukani unakuwa mwepesi ghafla mkononi. Dereva akiusikia wepesi huo, mara nyingi ameshachelewa.

Sasa kosa linatokea wapi? Hesabu ya asilimia inakuambia hali ya jana, kwa maana ya mzunguko uliokwisha. Ukisubiri mpaka saa ikuonyeshe sekunde 101, mwenzako ameshaingia. Kwa hiyo wanaangalia vitu vingine. Muda hukatwa vipande vitatu vya njia, maana mvua ya Silverstone inaweza kunyesha upande mmoja wa uwanja tu. Kuna rada. Kuna aliyetangulia kubadilisha, ambaye huitwa panya wa majaribio: akipata muda mzuri kwenye kipande cha pili baada ya kutoka piti, wote wanaita madereva wao. Na kuna sauti ya dereva mwenyewe. Akisema matairi yamechoka, ni taarifa moja. Akianza kutafuta madimbwi kwenye sehemu zilizonyooka ili ayapoze matairi, hiyo ni taarifa nzito zaidi, kwa sababu tairi la kati kwenye lami inayokauka linachemka. Vipande vya mpira vilivyo kati ya mifereji vinayumba kila kona, vinapata joto hadi ndani, kisha vinaanza kumeguka.

Jambo moja wengi hulisahau. Tairi la kati lililolika sana, hata mifereji ikakaribia kufutika, hufanana na tairi la jua. Kama njia inakauka na hakuna mvua nyingine, kulibakiza kwa mizunguko miwili mitatu si ujinga. Tatizo ni mvua ikirudi: huna mfereji, na huna nafasi ya pili.

Halafu kuna joto. Matairi ya jua hutoka kwenye blanketi za kuyapasha joto yakiwa nyuzi 70, ya kati nyuzi 60, na ya mvua kubwa hayafunikwi kabisa. Tairi la jua likitoka piti na kukutana na lami yenye unyevu linapoa ndani ya kona mbili au tatu. Ndiyo maana kuingia mzunguko mmoja mapema kunaweza kugharimu zaidi ya kuchelewa mzunguko mmoja. Aliyechelewa anapoteza sekunde kadhaa kwa tairi bovu, lakini aliyewahi anaweza kupoteza gari.

Na kusimama kwenyewe kuna bei. Mwendo ndani ya piti Silverstone una kikomo cha kilomita 80 kwa saa, hivyo kuingia na kutoka hugharimu kama sekunde 20 hata mafundi wakibadilisha matairi manne ndani ya sekunde 2.5. Gari la usalama likiwa njiani, wenzako nao wanatambaa, hasara inapungua karibu nusu.

Piastri alipigwa sekunde 10 kwa kukanyaga breki. Tangu lini breki ni kosa? Bila adhabu hiyo si angeshinda? — Msomaji, Mombasa

Breki si kosa. Kosa ni namna na mahali. Gari la usalama linapozima taa zake za juu, kiongozi wa foleni ndiye anayeshika mwendo. Anaruhusiwa kwenda taratibu, hata kuchelewesha ili awashtukize walio nyuma. Asichoruhusiwa ni kuongeza au kupunguza mwendo ghafla kiasi cha kumhatarisha mwenzake. Piastri alikanyaga breki kwenye sehemu iliyonyooka, mwendo ukashuka kutoka kilomita 218 hadi 52 kwa saa, na presha ya breki ilisomeka 59.2 psi. Verstappen aliyekuwa nyuma ilibidi akwepe. Waamuzi wakamhukumu kwa namba hizo, si kwa jinsi tukio lilivyoonekana kwenye runinga.

Adhabu ya sekunde 10 hutumikiwa piti: gari linasimama kwenye boksi, na mafundi hawagusi kitu mpaka muda uishe. Hata jeki ikigusa gari mapema ni kosa jingine, kama tutakavyoona chini.

Kuhusu ushindi: Piastri alimaliza sekunde 6.8 nyuma ya Norris, na 10 ni zaidi ya 6.8. Hesabu ya dukani inasema angeshinda. Tahadhari yetu ni kwamba mtu anayejua ana adhabu haendeshi kama asiye nayo, na anayemfukuza pia haendeshi vilevile. Ila tukilazimishwa kuchagua, ndiyo, siku ile yeye ndiye aliyekuwa ameishika mbio mkononi. Aliiomba timu ibadilishe nafasi zao, wakakataa. Walikuwa na haki ya kukataa.

Hülkenberg ni dereva mzuri. Miaka 15 bila jukwaa, alikuwa na mkosi gani? — Msomaji, Bukavu

Mkosi mmoja mkubwa uliitwa gari la katikati ya msafara. Alianza Bahrain 2010 na Williams, na mwaka huohuo akachukua nafasi ya kwanza ya kuanzia Brazil. Mwaka 2015 alishinda Saa 24 za Le Mans akiwa na Porsche. Hakupata hata msimu mmoja katika gari la kupigania ubingwa.

Nafasi zilikuja, zikaponyoka. Brazil 2012 alikuwa anaongoza na Force India kwenye mvua, akagongana na Hamilton, akaadhibiwa, akamaliza wa 5. Hockenheim 2019 alikuwa karibu kabisa na jukwaa na Renault, mvua tena, akatoka nje kwenye kona za mwisho ambako lami ilikuwa kama sabuni. Silverstone 2020 aliitwa dakika za mwisho kuziba pengo la Sergio Pérez, akaanza wa 3, akamaliza wa 7. Rekodi ya kukaa muda mrefu bila jukwaa, iliyokuwa ya Adrian Sutil kwa mbio 128, aliivunja zamani sana na kuendelea kuirefusha.

Aliyekuwa amesubiri zaidi kabla ya kulipata alikuwa Carlos Sainz, Brazil 2019, mbio yake ya 101. Yeye naye alitoka mwisho wa foleni hadi wa 3. Ila Sainz alipewa nafasi hiyo saa kadhaa baadaye, Hamilton alipoongezewa sekunde 5, na akapanda jukwaa lililokuwa tupu pamoja na watu wa timu yake.

Wa 19 hadi wa 3 si rekodi, kwa wanaouliza. John Watson alianza wa 22 Long Beach mwaka 1983 akashinda.

Baada ya bendera ya mwisho, nini kinaweza kumpokonya mtu nafasi ya jukwaani? — Msomaji, Dodoma

Vingi, na hapa ndipo mashabiki wengi hulala mapema. Magari matatu ya kwanza huegeshwa mbele ya vibao vya namba 1, 2 na 3. Dereva hushuka na kupanda mizani akiwa na kofia na nguo zake zote, kabla hajanywa wala kupewa kitu. Kwenye mbio za joto kali anaweza kuwa amepoteza kilo 2 hadi 3 za jasho, na uzito huo unahesabika.

Msimu wa 2025 gari pamoja na dereva, bila mafuta, halikutakiwa kupungua kilo 800. Ndiyo maana ukitazama baada ya mbio utaona madereva wakipita makusudi pembeni, kwenye mabaki ya mpira. Wanayaokota kwa matairi yenye moto ili gari lizidi uzito. Ubelgiji 2024 Russell alivuka mstari wa kwanza; gari likapimwa kilo 796.5 wakati kikomo cha mwaka ule kilikuwa 798. Ushindi ukaenda. Alikuwa amesimama mara moja tu, matairi yakalika kupita kiasi, na Spa, uwanja wa mbio hizo za Ubelgiji, hakuna mzunguko mzima wa kurudi ambao ungempa nafasi ya kuokota mpira. China 2025 Leclerc alipungua kilo 1, akafutwa.

Cha pili ni ubao wa chini ya gari. Unaanza na unene wa milimita 10, na ukiwa chini ya milimita 9 kwenye sehemu za kupimia, umekwisha. Unalika kwa sababu timu hulaza gari chini kadiri inavyowezekana ili hewa ya chini ilivute kwenye lami. Wakikosea nusu milimita ya urefu, au njia ikiwa na matuta kuliko walivyodhani, ubao unasagwa. Hülkenberg mwenyewe alifutwa Bahrain 2025 kwa kosa hilihili, miezi mitatu tu kabla ya Silverstone. Siku ile alikuwa wa 13 hivyo wachache waliona. Norris aliona zaidi: Las Vegas mwaka huohuo alipoteza nafasi ya 2 kwa ubao, na Piastri naye akafutwa.

Cha tatu ni mafuta. Lazima ibaki lita 1 ya kuchukuliwa sampuli. Hungaria 2021 Sebastian Vettel alimaliza wa 2. Zikapatikana lita 0.3 tu. Akafutwa.

Na kuna makosa ya piti yanayogunduliwa kwa kurudia video. Saudi Arabia 2023 Fernando Alonso alishapokea kombe la nafasi ya 3, kisha akanyang'anywa kwa sababu jeki ya nyuma iligusa gari wakati anatumikia adhabu. Saa chache baadaye akarudishiwa, kwa kuwa timu ilionyesha mifano ya nyuma ambapo jambo hilo halikuadhibiwa. Likawa jukwaa lake la 100.

Je, mbio za huku Ghuba washindi wanamwagiana pombe? — Msomaji, Muscat

Hapana. Bahrain, kwa mfano, hutumiwa kinywaji chenye povu cha maji ya waridi, bila kilevi. Desturi ya kurushiana yenyewe hutajwa kuanzia kwa Dan Gurney, Le Mans 1967. Makombe hutolewa manne: matatu ya madereva, na la nne kwa mwakilishi wa timu iliyoshinda. Ya Silverstone 2025 yalijengwa kwa matofali ya Lego, kwa hiyo mtu aliyesubiri miaka 15 alikabidhiwa kombe la matofali ya kuchezea watoto. Hakuonekana kulalamika.

Nafasi ya 3 ina faida gani kwa timu ndogo? — Msomaji, Arusha

Pointi 15. Mshindi hupata 25, wa 2 hupata 18, kisha 15, 12, 10, 8, 6, 4, 2 na 1. Sauber walikuwa na pointi 26 wakapanda hadi 41 ndani ya alasiri moja. Mwaka 2024 walivuna pointi 4 kwa msimu mzima. Fedha za mgao hufuata msimamo wa timu, kwa hiyo kila ngazi ina thamani, na kwa kampuni ya Audi iliyokuwa inaichukua timu hiyo ya Hinwil, Uswisi, kwa msimu wa 2026 haikuwa siku mbaya. Jukwaa lao la mwisho kabla ya hapo lilikuwa la Kamui Kobayashi, Suzuka 2012, naye alikuwa wa 3.

Lini tutaziona mbio hizi kwetu? — Msomaji, Kigali

Rwanda ilitangaza rasmi nia ya kuziandaa Desemba 2024. Kinachotakiwa kwanza ni uwanja wenye daraja la 1 la FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari. Afrika ilizipokea mara ya mwisho Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993.

Kwenye runinga pembeni ya majina kuna herufi za rangi. Zina maana gani? — Msomaji, Morogoro

Ni tairi alilovaa dereva. S nyekundu ni laini, M ya njano ni wastani, H nyeupe ni gumu. Hayo matatu ni ya jua. I ya kijani ni la kati la mvua, W ya buluu ni la mvua kubwa. Mbio zikiwa kavu, kila dereva lazima atumie aina mbili tofauti za jua. Akigusa I au W sharti hilo huondoka. Siku ya mvua usimtazame anayeongoza. Tafuta herufi ya kwanza kugeuka kutoka I, kisha angalia muda wa dereva huyo kwenye kipande cha pili cha njia. Ukiandikwa kwa kijani (bora wake mwenyewe) au zambarau (bora kuliko wa wote), mizunguko miwili inayofuata usiende jikoni.